Mashine ya Kunibeba Hadi Maguu

Mwenye duka alipoagiza niletewe kiti cha mbao, huku cha plastiki kikiwa tupu karibu yangu, nilijua ameshanipima kwa macho. Nilikaa, nikaweka mkoba mapajani, nikamtazama kama ninavyomtazama mtu yeyote anayenifanyia wema kabla sijamwomba.

"Karibu sana, mama. Nikuoneshe nini leo?"

Nikamwelekeza kwa kidole barazani. Palikuwa na pikipiki ya matairi manne, nyekundu, kiti chake bado kimevikwa nailoni.

"Ahaa, hiyo. Ni ya mjukuu?"

"Ni yangu mimi."

Alikohoa. Alikuwa mtu mwenye asili ya pwani, babu yake alifuata biashara ya kahawa hapa Mbinga na hawakurudi tena, na kukohoa kwake kulikuwa na adabu zote za kwao. Lakini kikohozi ni kikohozi, nilikielewa.

Mimi ni mtu mzito, na nalisema hilo mwenyewe kabla wengine hawajalisema. Kwa hesabu ya huku kwetu, ambako karibu kila kitu tunakilinganisha na kahawa, mimi ni magunia mawili na debe juu yake. Nashona sare za shule mjini, na kazi ya kukaa haijanipunguza hata kidogo. Tangu magoti yaanze kuniuma, safari zangu zimekuwa kutoka kwenye cherehani kwenda kanisani na kurudi kwenye cherehani. Vijana wa bodaboda pale stendi wananiheshimu sana, wananiamkia kutoka mbali, lakini nikitamka Maguu kila mmoja anakumbuka ana abiria anamsubiri mahali.

Na Maguu ndiko lilipo shamba. Marehemu mume wangu aliniachia sehemu yake katika ntambo wa ukoo wao, yaani mteremko mmoja mzima kuanzia kileleni hadi kijito cha chini. Upande mmoja kuna kahawa, upande wa pili ngolo, yale mashimo yetu ya Kimatengo yanayozuia mvua isiondoke na udongo. Tangu tulipomzika sikuwa nimefika huko. Aliyeangalia kila kitu ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Kila msimu aliniletea kahawa yangu na maharage yangu, na kila msimu nilimshukuru, nikafunga mlango, nikakaa kujiuliza ni kiasi gani kilichobaki kwake.

Mwaka huu baba mkubwa wa ukoo akatuma neno. Baada ya kilimo cha Machi wangekaa sengu, kile kikao cha ukoo ambacho watu hula pamoja na kuyaongea ya nyumbani, na mojawapo ya mazungumzo lingekuwa shamba langu. Kwetu kazi ya ngolo imegawanywa tangu zamani. Mwanaume anafyeka nyasi na kuzipanga chini ziwe miraba. Mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa ule udongo. Mwanamke ambaye jembe lake halijaonekana kwa misimu kadhaa, wazee wanaanza kuuliza shamba ni la nani hasa. Ujumbe ulikuwa wazi: nisipochimba mwaka huu, sehemu yangu anapewa shemeji. Na aliyenifikishia ujumbe huo, kwa sauti ya upole kabisa, alikuwa shemeji mwenyewe.

Ndiyo maana nilikuwa dukani. Magoti yangu yasingeweza ile njia ya kutoka barabarani, lakini mikono yangu ilikuwa bado na nguvu ya jembe. Nilichokosa ni kitu cha kunifikisha.

Nilikipanda kile kinyekundu pale pale barazani. Springi zililala zote kwa pamoja, vikanyagio vikakaribia sakafu, na nilipogeuza usukani ukanigonga magoti. Mwenye duka akasema, "Itakubeba tu, mama." Hiyo "tu" sikuipenda. Karibu na kiti palikuwa na karatasi ya onyo yenye kilo zisizotakiwa kuzidi. Nikamuuliza kama kilo hizo ni za mzigo peke yake au na mwendeshaji yumo. Akasema za mzigo. Nikamuuliza tena polepole, akasema labda na mwendeshaji yumo, ila wenye kiwanda huandika kwa kujihami.

Sisi tuliokua na kahawa hatuamini kilo tulizosomewa na mtu mwingine. Gunia linatoka nyumbani limetuna, likifika kwa mnunuzi wa njiani limepungua, eti unyevu, eti vumbi, eti gunia lenyewe. Tangu nikiwa msichana nimeona namba zikimwonea huruma yule anayezisoma. Basi zile kilo za kwenye karatasi nikazikata kichwani kama wanavyotukata sisi, na nilipomaliza kukata zilibaki za mtoto wa darasa la sita.

Mwenye duka naye aliona uso wangu. "Mama, hii nikikuuzia utakuja kunilaani. Wewe unahitaji ya kazi, ndefu na pana, inayovuta kwa tairi zote nne. Kuna mtu kule Mbaha, ziwani, anayo, anaiuza."

Nilimshukuru, nikaondoka na wasiwasi mkubwa kuliko niliokuja nao. Mfanyabiashara gani anamfukuza mteja dukani kwake na kumpeleka kwa mwingine? Nilijihakikishia moyoni kwamba huyo mtu wa Mbaha ni ndugu yake, au wanagawana.

Jioni ile shemeji alikuja na mkungu wa ndizi. Nikamweleza habari ya mashine, nione atafanya uso gani. Alifanya uso wa msiba.

"Shemeji, hizo mashine zinapinduka. Zikipinduka zinamlalia mtu."

"Bodaboda je, hazipinduki?"

"Bodaboda inakutupa pembeni. Hii inakuja juu yako." Kisha akaongeza, "Afadhali watu wakubebe kwa machela."

Machela! Nilikasirika hadi nikasahau kumpa chai. Ila alipoondoka hasira ikageuka hesabu. Nani anafaidika nikibaki mjini na magoti yangu? Ni yeye. Nani ananikatisha tamaa? Ni yeye. Sikuhitaji mwanasheria. Kesho yake nikampigia simu kumwambia naenda Mbaha kuiangalia mashine, na yeye, bila hata kufikiri, akajibu, "Nitakusindikiza." Jana hataki, leo anasindikiza. Nikamkubalia. Niliona bora nimuone kwa macho yangu kuliko awe nyuma yangu anapanga mambo.

Tukashuka Nyasa kwa gari, kutoka kwenye baridi yetu ya milimani hadi kwenye joto linalomfanya mtu mnene ajute kuzaliwa. Mbaha ilinuka usipa ulioanikwa, vile visamaki vidogo vya ziwani vinavyometameta hata vikiwa vimekufa. Mwenye mashine alikuwa Mnyasa mwenye mabega mapana, mchuuzi wa usipa. Aliniamkia "Shikamoo, mama" kwa heshima, akatupeleka kwenye kibanda cha nyuma, akafunua wavu uliochakaa.

Ilikuwa ya rangi ya majani, imechubuka huku na huku. Mbele na nyuma ilikuwa na keria za chuma. Mahali pa miguu palikuwa na ubao mpana wa kukanyaga, siyo vijiti. Kiti kilikuwa kama benchi la kanisani. Nilikanyaga, nikajiinua, nikakaa. Springi zikashuka kidogo, zikasimama hapo hapo. Magoti yalikuwa mbali na usukani. Kwa mara ya kwanza tangu nifiwe, kitu kilinipokea bila kulalamika, na nusura nitokwe na machozi mbele ya watu. Niliipenda. Na kwa kuwa niliipenda, nikazidisha ukali.

"Unaiuza kwa nini?"

"Nilikuwa nabebea usipa kwenye mchanga, mama. Sasa barabara imekuwa nzuri, gari linakuja kuchukua wote kwa mara moja. Hii inakaa tu."

"Na uliipata wapi?"

"Kwenye mradi ulioisha. Kadi yake ninayo."

Nikaisoma kadi mbele na nyuma. Nikainama, kwa shida, nikatazama chini ya bodi. "Mbona chuma hakijaliwa? Kitu kilichofanya kazi ziwani lazima kiliwe na chumvi."

Yule Mnyasa akacheka. "Chumvi? Mama, maji yetu ni ya kunywa. Nenda ukaonje."

Mimi nimezaliwa mlimani na najua kabisa kwamba Nyasa haina chumvi. Hata hivyo nilikwenda hadi ufukweni, nikachovya kidole, nikakilamba, na wanawake waliokuwa wakigeuza usipa wakanitazama bila kuelewa. Hayakuwa na chumvi. Shemeji alikuwa ameangalia pembeni, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Nikatoa sharti langu. Nyuma ya kijiji palikuwa na kilima chenye njia ya kwenda mashambani. Nilitaka mashine ipakiwe uzito wangu, magunia mawili ya makopa ya muhogo na debe juu yake, na mwenyewe aiendeshe hadi juu nikiona. Mashine ikibeba magunia hayo pamoja na dereva, mimi nikiwa peke yangu itashindwaje? Nilijiona mjanja sana. Gunia moja likafungwa keria ya mbele, la pili keria ya nyuma na debe likakazwa hapo hapo. Mnyasa akapanda, akaondoka. Mashine ilikwea kama mbuzi, ikageuka juu, ikashuka bila haraka. Hata mimi nilipiga makofi.

"Sasa ni zamu yangu," nikasema.

Wakafungua mizigo yote. Shemeji akanionesha jinsi mafuta yanavyosukumwa kwa kidole gumba na breki ziko wapi, nikamwambia ameshaonesha, inatosha. Nikaondoka. Tambarare nilikwenda vizuri, nikaanza hata kujisikia. Njia ilipoanza kuinuka nami nikaanza kuogopa, na nilivyoogopa nikajivuta nyuma, nikaning'inia kwenye usukani. Ghafla tairi za mbele zikaachana na ardhi. Niliona mawingu mahali palipokuwa na njia. Niliachia mafuta, mbele kukaanguka kwa kishindo, nikabana breki zote na nikabaki pale katikati ya kilima, sala ya Bikira Maria nimeifikisha nusu.

Walipanda mbio. Mnyasa alifika wa kwanza na mimi sikumpa nafasi.

"Umeifanya nini? Imebeba magunia na wewe juu yake, mimi peke yangu inataka kuniua! Umegusa nini wakati mnafungua mizigo?"

"Mama, sijagusa kitu, haki ya Mungu."

"Umegusa!"

Shemeji alikuwa ameweka jiwe nyuma ya tairi. Alisimama pale akihema, akasubiri nimalize, kisha akasema kwa ule upole wake unaonikera, "Shemeji, gunia halirudi nyuma likiogopa."

Nikashusha kidole nilichokuwa nimemnyooshea Mnyasa.

"Yale magunia yalikaa chini, moja mbele, moja nyuma. Wewe umekaa juu, halafu umejitupa nyuma mwili wote. Sogea mbele. Inama, kifua kije karibu na usukani, kama unasukuma mkokoteni. Ukishuka ndiyo unarudi nyuma."

Alinishikia mashine, nikasogea mbele ya kiti. Nikainama hadi tumbo likagusa tangi. Niliona aibu, maana mkao ule haumpendezi mwanamke wa umri wangu. Nikasukuma mafuta kidogo. Tairi zilibaki chini, mashine ikapanda, kilima kikaisha.

Huko juu nilikaa nikitazama ziwa, nikiwa na furaha ya mtoto, na chini ya furaha lilikuwapo swali. Huyu mtu alitaka nisinunue. Angenyamaza tu pale, ningeshuka kwa miguu, ningerudi Mbinga kwa gari na shamba lingekuwa lake. Kwa nini amenifundisha? Nilitafuta jibu baya nikalipata: anataka nimwamini mapema ili anidhulumu vizuri zaidi baadaye. Nikainunua mashine.

Ikaja Mbinga juu ya lori. Fundi akakaza springi za nyuma kwa ajili yangu, akajaza upepo, akanionya nisifunge mizigo yote keria ya nyuma nikiwa nimepanda, maana mbele kutakuwa kwepesi. Nikajifunzia kwenye njia ya kwenda Mapera, asubuhi baada ya misa, watu wakisimama kando na kusema hadharani yale ambayo mwenye duka aliyasema kwa kukohoa. Nilijifunza kulala mbele kwenye kupanda, kukaa nyuma kwenye kushuka, na kwenye mwinamo wa ubavuni kuegemea upande wa mlima. Nilijifunza pia kwamba nikipita kwa kasi sisikii wanachosema.

Machi ilipofika, nyasi zilipoanza kufyekwa, sikumwambia mtu. Nilifunga jembe keria ya mbele na kuondoka alfajiri. Nilitaka niwakute kama walivyo.

Mashine ilinifikisha Maguu, ikapita ile njia iliyonishinda, ikavuka kijito, ikapanda hadi katikati ya ntambo, njia ilipoishia. Nikazima. Mke wa shemeji alikuwa ndani ya ngolo, ameinama, kanga imefungwa kiunoni. Alijinyoosha, akajikinga jua kwa mkono, kisha uso ukamfunguka.

"Jamani! Karibu mgeni wetu!"

Mgeni. Alilitamka kwa furaha ya kweli na likanichoma vile vile. Akaja mbio kunishika mkono, akatandika gunia pembeni nikae. Sikukaa. Nilichukua jembe langu, nikaingia kwenye mraba uliokuwa mbele yangu, nikachimba kwa nguvu zote ili waone, wasikie, wakaseme. Nilikuwa nimechimba mara kadhaa aliponishika kiwiko.

"Mama, samahani. Hapo tumeshapanda maharage."

Nilitazama chini. Mbegu zilikuwa zimetawanyika juu ya udongo, nimezifukua mwenyewe. Shamba langu, na sikujua palipopandwa. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Shemeji alikuwa ametokea kwenye kahawa na panga mkononi. Aliitazama mashine, akanitazama mimi. Sikuona hasira, sikuona mshangao. "Zako ni zile kule," akasema, akaelekeza juu.

Kule juu kabisa, karibu na kilele, mahali ambapo mashine isingefika na mbuzi wangefikiri mara mbili, kulikuwa na miraba ya nyasi imepangwa vizuri, haijaguswa na jembe.

"Kwa nini kule?"

"Kaka alikuwa anaanzia kule. Na mimi nakupangia kule. Kila mwaka."

Kama ni heshima, ilikuwa heshima ya kuua. Kama ni mtego, ulikuwa mzuri kuliko mitego yote, maana ningeshindwa mbele ya mashahidi. Sikuweza kujua ni lipi. Basi nikapanda, kwa mikono na miguu, jembe nalitanguliza, nalishika, nalitanguliza tena, nikipumzika kila nilipopata shina la kushika. Chini ya zile nyasi mpya nilikuta nyasi nyingine nyeusi zilizooza, na chini yake nyingine, zote zikiwa zimelala kwa miraba, hazijafunikwa na mtu.

Nilichimba hadi kivuli cha mlima kikanifikia. Nilibakiwa na mistari michache ya miraba mgongo uliponikatalia kabisa. Nilikaa kwenye udongo nikalia kwa hasira. Mke wa shemeji alipanda na jembe lake. Alichimba mistari iliyobaki, akafukia, akapiga udongo kwa bapa la jembe, na tukashuka yeye akiwa mbele, mimi nimeshika bega lake.

Siku ya sengu nilikwenda nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya kumjibu shemeji, makali, nimeyapanga njia nzima. Chakula kilikuwa kimeshawekwa, na kati ya tonge na tonge baba mkubwa akauliza, "Ngolo za juu mwaka huu zimechimbwa. Nani amechimba?"

"Mke wa kaka," akasema shemeji. "Alikuja na jembe lake."

"Nani alimsaidia?"

"Hakuna. Alichimba zote peke yake."

Niligeuka upande wa wanawake kumtazama mkewe, nikisubiri amsahihishe. Alikuwa ananisogezea bakuli la mboga. Baba mkubwa akatikisa kichwa kukubali na kusema basi, hilo limekwisha, shamba linabaki kwa mwenye nalo, na wakahamia kwenye habari ya mpaka wa mtu mwingine.

Nilimtazama shemeji nione anataka nini kwa uongo ule. Alikuwa anamega ugali, hata macho hakuinua. Nimeendelea kumtazama tangu siku hiyo, yeye na mkewe, kila wanapokuja, nikitafuta wanachokitaka kwangu. Bado sijakiona, na nimeanza kuogopa kwamba hawakuwahi kutaka kitu.